Daftari la Matukio, Zamu ya Usiku

Saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne,
niliandika neno moja: Kitu.
Msimamizi akasema niongeze au nifute.
Peni haifutiki, na mimi sikuwa na nyongeza.

Siku ya nne gari la kijani likapiga honi getini.
Nilidhani wamepotea njia ya uwanja wa ndege.
"Eustaki Mapunda ni nani?"
Ni mimi, mlinzi wa ghala la mabati, Vingunguti:
rungu moja, tochi moja, filimbi yenye kutu.

Wakanikalisha kwenye kiti cha bosi, mimi
ambaye kiti changu ni ndoo ya rangi iliyogeuzwa.
Luteni Mwasyoge alikuwa na sauti ya nesi,
ile inayokuuliza jina huku sindano iko mgongoni.
Koplo aliandika.

Ndege? Hapana, afande. Ndege nazijua.
Miaka kumi na moja zinapita juu ya utosi wangu.
Ya mizigo ya saa nane hukohoa ikifika Kiwalani;
ya mahujaji hushuka kama mjamzito kwenye ngazi.
Nazijua kwa matumbo.
Hiki hakikuwa na tumbo.

Nyota? Nyota hukaa nyuma ya nyaya za umeme.
Hiki kilikuwa mbele.
Ulikunywa? Chai ya rangi, bila sukari; sukari imepanda.
Rangi yake? Maji yaliyooshewa mchele.
Ukubwa? Luteni akanipa shilingi mia,
ninyooshe mkono, nifumbe jicho moja.
"Ingekifunika?"
Ingekifunika. Ila pembeni mwanga ungebaki,
kama povu la maharage linalosukuma mfuniko.

Koplo akasoma alichoandika:
"Ndege isiyojulikana ilionekana ikisimama."
Nikamwambia, si i-, afande. Ni ki-.
Kilionekana. Kikisimama.
Luteni akacheka puani. "Mpe ki- yake."

Nikaendelea. Kilikuja bila upepo.
Kilisimama juu ya paa la tatu.
Mbwa wa gereji hawakubweka; mmoja aliketi, kama aliyealikwa.
Kilikaa muda wa kuvuta sigara nusu.
Kisha akaondoka.

Peni ikasimama.
"Nani akaondoka?"

Sikujua. Ulimi uliteleza,
au ulikumbuka jambo ambalo kichwa kilikataa kulibeba.
"Kiliondoka," nikasema. "Andika ki-."
Lakini Luteni alishaizungushia duara ile a-,
herufi moja ndani ya yai.

Akaniuliza la mwisho, kwa upole:
"Kazi yako ni geti. Kwa nini ulitazama juu?"
Maswali yote niliyajibu. Hilo bado ninalo.

Wakachukua namba ya kitambulisho, vidole vyote kumi,
jina la mama, kijiji, kata, mjumbe wa nyumba kumi,
picha ya mbele, picha ya ubavu.
Rada, walisema, haikuona.
Nikawaza: labda nayo ilikuwa inatazama geti.
Nilipotia sahihi nikaona mistari miwili ya chini:
Kitu: hakikutambuliwa.
Shahidi: ametambuliwa.

Kampuni ilinikata siku mbili, uzembe lindoni.
Majirani wakaanza kunisalimia kwa uangalifu,
kama mtu aliyetoka kupimwa.
Blandina, mke wangu, alingoja watoto walale.
"Kilikuwa kizuri?"
Hakuna afande aliyeniuliza hivyo.
Nilisema ndiyo, nikageukia ukutani.

Shilingi ile Luteni aliisahau mkononi mwangu.
Saa tisa na dakika arobaini nanyoosha mkono,
nafumba jicho, nafunika kipande cha anga
juu ya paa la tatu. Daftarini nimeshaandika: Hakuna tukio.
Halafu naishusha shilingi, polepole,
nione kama amerudi.